Tarehe ya Chipu Zilizoandika Juu ya Kioo

Oskiloskopu ni chombo cha kuuchora umeme ili jicho liuone. Nyuma ya neli yake ya kioo hutoka mwale wa elektroni, ambao hupiga upande wa mbele uliopakwa unga wa kung'aa, na kwa kuvutwa huku na huku na nguvu za umeme huacha mstari unaoonyesha jinsi volti zinavyopanda na kushuka kadiri wakati unavyokwenda. Tangu Karl Ferdinand Braun alipoidhihirisha neli ya namna hiyo huko Strasbourg mwaka 1897, mstari huo ulieleza mengi juu ya sura ya wimbi, lakini aghalabu haukueleza kipimo chake. Mtazamaji aliona kilele kimepanda miraba mitatu. Ili ajue kuwa miraba mitatu ni volti ngapi ilimlazimu aondoe macho kiooni, atazame swichi ya kuzungusha imekaa kwenye namba gani, akumbuke kwamba probu aliyoishika mkononi imeugawanya umeme kwa kumi, ndipo azidishe. Na akiipiga picha sura ile kwa kamera ya Polaroid, kama ilivyokuwa desturi ya maabara nyingi, picha ilitoka na wimbi peke yake, na vipimo vyote vikabaki katika kumbukumbu ya mpigaji, au katika maneno aliyoyaandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, ikiwa aliwahi kuyaandika kabla hajaigeuza swichi kwa kazi nyingine.

Tarehe hii ni ya jamaa ya chipu zilizouondoa upungufu huo. Zilizaliwa Beaverton, katika jimbo la Oregon huko Marekani, ndani ya kampuni ya Tektronix, na zikadhihiri kwa watu mwaka 1969. Hazikununuliwa kwa mtu wala hazikuuzwa sokoni kama bidhaa ya kujitegemea. Zilibuniwa, zikachorwa na zikatumiwa ndani ya nyumba moja, kwa kazi moja. Naziandikia kwa sababu naamini kwamba ni miongoni mwa kazi zilizo bora kabisa katika ufundi wa umeme wa karne ya ishirini, na kwa sababu wanaozifahamu ni wachache mno kuliko zinavyostahili.

Nyumba yenyewe ilianzishwa mwaka 1946 katika mji wa Portland na Howard Vollum na Jack Murdock pamoja na wenzao wawili. Vollum alikuwa mwana wa mji huo huo, aliyehitimu fizikia katika chuo cha Reed mwaka 1936, na vita vilipokwisha alirejea na ujuzi wa vyombo vya umeme ambao wengi wa wakati ule hawakuwa nao. Oskiloskopu yao ya kwanza, iliyoitwa 511, iliuzwa mwaka 1947 kwa dola 795, nayo iliweza kufuata mawimbi yanayopinduka mara milioni 10 kwa sekunde. Haikupita miaka mingi jina la Tektronix likawa ndilo linalotangulia kutajwa popote mhandisi alipotaka kuona umeme kwa macho yake. Biashara ilikua, kampuni ikahamia Beaverton, jirani ya Portland, ikapata uwanja mpana na maelfu ya wafanyakazi.

Katika tabia zote za nyumba ile, iliyo kubwa kuliko nyingine kwa kadiri ya maudhui yetu ni desturi yake ya kujitengenezea. Neli za miale zilipokosekana sokoni kwa ubora walioutaka, walijifunza kupuliza kioo na kuzitengeneza wenyewe. Transfoma walizizungusha nyaya wenyewe. Swichi walizitengeneza wenyewe. Hata vipande vya kauri vya kushikilia nyaya vilitoka katika tanuri zao. Baadhi ya watu waliiona desturi hiyo kuwa ni gharama isiyo na lazima, walakini mimi naiona kuwa ndiyo iliyoifanya nyumba hiyo ithubutu kutaka vitu ambavyo hakuna muuzaji aliyekuwa navyo. Mtu asiyeweza kutengeneza hutamani yale tu yaliyomo katika orodha ya bei. Kwa hiyo miaka ya 1960 ilipofika, na chipu, yaani saketi nzima yenye transista nyingi juu ya kipande kimoja cha silikoni, ilipoanza kuwa jambo la kawaida katika dunia ya umeme, lilikuwa ni suala la muda tu kabla Tektronix haijawa na karakana yake ya chipu.

Haja ya kuandika vipimo mbele ya macho ya mtazamaji haikuwa mpya. Oskiloskopu yao iitwayo 567, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilionyesha majibu kwa tarakimu katika taa za Nixie zilizowekwa kando ya kioo. Chombo kingine chao, 576, cha kupimia tabia za transista, kilitumia nyuzi za kupitishia mwanga ili kuziangaza tarakimu pembeni. Njia zote mbili zilifaa, ila zote ziliacha maandishi nje ya kioo, na kila moja ilihitaji taa na nyaya na nafasi yake. Lililotakiwa kwa ukoo mpya wa oskiloskopu uliokuwa ukitayarishwa, ambao ungeitwa mfululizo wa 7000, lilikuwa kubwa zaidi: mwale ule ule unaochora wimbi uache kazi yake kwa kitambo kisichohisiwa na jicho, uandike herufi, kisha urejee.

Aliyeitatua kazi hiyo ni Mwingereza, Barrie Gilbert, aliyezaliwa Bournemouth mwaka 1937. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya Mullard huko Southampton kabla ya kuvuka bahari mwaka 1964 kujiunga na Tektronix. Wahandisi wengi wanalijua jina lake kwa saketi ya kuzidisha ishara mbili aliyoieleza mwaka 1968 katika jarida la saketi la IEEE, ambayo vizazi vya redio na simu za mkononi vimeitumia bila ya wenye simu hizo kujua. Gilbert mwenyewe alikuwa mwepesi wa kukiri kwamba Howard Jones alikuwa amekwisha kupata hati ya ubunifu ya saketi inayofanana na hiyo, jambo ambalo si kila mwenye sifa huwa na moyo wa kulisema. Lakini aliyoyafanya Gilbert katika maandishi ya kioo yametajwa kidogo sana yakilinganishwa na saketi hiyo ya kuzidisha, ilhali kwa maoni yangu ndiko fikira zake zilikoonekana katika uhuru wake wote.

Mazingira aliyofanyia kazi yalikuwa ya watu wanaochocheana. Masimulizi ya wahandisi yanasema kwamba mwaka 1967 Gilbert na mwenzake George Wilson walishindana nani ataleta saketi bora ya kunakili mkondo wa umeme kwa transista tatu tu. Walikwenda zao jioni, na kulipokucha Wilson akaja na jibu ambalo hadi leo linasomeshwa vyuoni kwa jina lake. Palipo na wenzi wa namna hiyo, wazo geni halizimwi kabla halijajaribiwa.

Sasa na tuutazame mfumo wenyewe, kwa kuwa uzuri wake umo katika mwendo wake. Oskiloskopu za mfululizo wa 7000 hazikuwa chombo kimoja kilichofungwa. Zilikuwa ni mwili mkuu wenye vyumba vitatu au vinne, na katika kila chumba mwenye chombo huchomeka moduli aitakayo: amplifaya ya kawaida, amplifaya ya mikondo, kipima wakati, na kadhalika. Mwili mkuu haukujua ni moduli gani itakayochomekwa kesho, wala moduli zitakazobuniwa baada ya miaka kumi zitapima nini. Hivyo haikuwezekana kuweka orodha ya maneno ndani ya mwili mkuu na kuyaonyesha kwa zamu. Ilibidi kila moduli iweze kusema neno lake yenyewe, na iliseme kwa gharama ndogo, kwa kuwa moduli ni nyingi na mwili ni mmoja.

Msomaji wa leo atafikiri mara moja juu ya kompyuta ndogo na hesabu za sifuri na moja. Walakini katika miaka hiyo chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali, na saketi za kidijitali zenye mapigo makali hazikuwa jirani mwema wa amplifaya inayosikiliza volti ndogo mno. Njia iliyoshikwa ilikuwa nyingine kabisa. Chipu moja katika mwili mkuu, yenye kazi ya kupanga zamu, hupeleka pigo la umeme la volti 15 hasi kwa nyaya kumi, moja baada ya moja. Kila waya ni zamu moja, na kila zamu ni nafasi ya herufi moja. Nyaya hizo kumi hufika katika kila moduli. Ndani ya moduli mna rezista, vile vipande vidogo vya senti chache vinavyopunguza mkondo, vilivyofungwa katika migusano ya swichi ile ile anayoizungusha mpimaji. Pigo likipita katika rezista ya kiloomu 150 hurudisha mkondo wa mikroampea 100. Likipita katika rezista ya kiloomu 75 hurudisha mikroampea 200. Na hivyo hivyo, hatua kwa hatua, hadi miliampea 1. Mikondo hiyo hurudi mwilini kwa nyaya mbili tu kwa kila idhaa ya moduli, yaani kila njia ya ishara, mmoja wa safu na mmoja wa nguzo. Safu na nguzo zikikutana, kama katika jedwali lolote, huonyesha nyumba moja, na katika nyumba hiyo mna herufi.

Hiyo ndiyo lugha nzima. Moduli haina ndani yake chipu yoyote ya kuandikia. Ina rezista na swichi. Kwa fedha kidogo kuliko bei ya nobu lenyewe, moduli ilipata ulimi.

Zamu kumi zilipewa kazi zake kwa mpango uliofikiriwa vizuri. Zamu ya kwanza haiandiki kitu. Hueleza ni sifuri ngapi ziongezwe. Ya pili huweka mshale wa kuelekea chini ikiwa mpimaji ameipindua ishara. Ya tatu huweka alama ya kuonyesha kuwa thamani ni zaidi ya iliyoandikwa, pindi nobu la kulegeza kipimo linapoondolewa mahali pake, nami naipenda alama hiyo kuliko zote, kwa kuwa chombo kinakiri mbele ya mtumiaji kwamba kwa sasa kipimo chake si cha kutegemewa, jambo ambalo swichi za kale hazikulisema kwa sauti yoyote. Ya nne ni tarakimu moja, mbili au tano. Ya tano, ya sita na ya saba huachwa wazi ili sifuri zipate pa kukaa. Ya nane ni kiambishi cha kipimo, kama herufi ndogo ya mili au mikro. Ya tisa na ya kumi ni kipimo chenyewe, volti au ampea au sekunde.

Tuseme mpimaji ameweka swichi kwenye milivolti 50 kwa kila mraba. Zamu ya nne inasema tano, zamu ya kwanza inasema ongeza sifuri moja, ya nane inasema mili, ya tisa inasema volti, na kiooni panatokea 50mV. Sasa achukue probu yenye kugawa kwa kumi aichomeke. Katika kichwa cha kuchomekea cha probu hiyo mna mguso wa ziada unaokutana na mwenzake pembeni mwa tundu, na kwa mguso huo moduli hutambua kuwa kila kitu sasa ni mara kumi. Mkondo wa zamu ya kwanza huongezeka kwa hatua moja, sifuri ya pili huongezwa, na bila ya mpimaji kugusa kitu kioo husema 500mV. Akiipandisha swichi tena daraja la kumi, mkondo huongezeka hatua nyingine, na hapo chipu inayoshughulikia sifuri hutambua kuwa haifai kuongeza sifuri ya tatu. Hubadilisha kiambishi, na kioo husema 5V. Hesabu ile ya kuzidisha, iliyowakosesha watu majibu kwa miaka mingi, iliondolewa kichwani mwa mtu ikawekwa katika mkondo wa mikroampea chache.

Mikondo ikifika mwilini huchaguliwa na chipu mbili zinazofanana, moja ikisikiliza safu na moja ikisikiliza nguzo, maana idhaa ni nane na lazima zisikilizwe kwa zamu. Kisha huingia katika vigeuzi viwili, navyo pia vinafanana, ambavyo kazi yake ni kuupokea mkondo wenye daraja kumi na kuinua waya mmoja kati ya kumi. Hapa pana jambo la kustaajabisha: katika safari yote hii hakuna mahali ambapo tarakimu zimegeuzwa kuwa sifuri na moja. Mkondo ni wa kumi-kumi, kigeuzi ni cha kumi-kumi, na jibu ni la kumi-kumi. Watu waliolelewa katika dunia ya kompyuta huutazama mfumo huu kama mtu anayekutana na lugha isiyo ya ukoo wowote aujuao.

Safu huchagua chipu ya herufi, nguzo huchagua herufi ndani ya chipu. Chipu za herufi ni tano, na kila moja ina herufi kumi, basi zote pamoja ni hamsini. Mojawapo ni ya tarakimu 0 hadi 9, na nyingine zina alama, viambishi na herufi za maneno. Ni katika chipu hizi tano ndipo ustadi wa Gilbert ulipofika kileleni, naye aliueleza katika makala aliyoichapisha mwaka 1971 katika jarida lile lile la IEEE.

Herufi iliyochorwa kwa mwale ni mistari mifupi iliyonyooka, kutoka ncha hadi ncha, na kila ncha ina mahali pake pa mlalo na pa wima. Ili kuikumbuka herufi, basi, yatosha kukumbuka mahali pa ncha zake. Chipu ya kumbukumbu ya kawaida ingeziandika namba hizo kwa sifuri na moja, kisha saketi nyingine ingezigeuza ziwe volti. Gilbert aliziweka katika umbo la silikoni yenyewe. Emita, ile sehemu ya transista inayotoa mkondo, ina sifa hii: ikipewa volti ile ile, mkondo wake hufuata ukubwa wa eneo lake, hata emita yenye eneo maradufu hutoa mkondo maradufu. Kwa hiyo kila ncha ya herufi ilipewa emita zenye maeneo yaliyokatwa kwa kadiri ya mahali pa ncha hiyo, na transista zilipoamshwa kwa mfululizo, mikondo iliyotoka ikawa ndiyo mwendo wa kalamu. Kuamshwa huko hakukuwa kwa ghafla. Transista moja ilipopungua ya pili ilizidi, na katika kupishana huko mwale ulivutwa kwa mstari kutoka ncha hii hadi ile. Kama vile nakshi za mlango wa Lamu zisivyokuwa rangi iliyopakwa juu ya mbao bali ni mbao zenyewe zilizochongwa, ndivyo herufi hizi zilivyokuwa: hazikuhifadhiwa ndani ya chipu, zilikuwa ndizo chipu.

Kutoka hapo mikondo ya mlalo na ya wima huenda kwa chipu ya kukusanya, ambayo huongeza nafasi ya neno na nafasi ya herufi ndani ya neno. Maneno ni manane kwa jumla, manne juu ya kioo na manne chini, kila neno likikaa upande wa moduli iliyolisema, ili jicho lisipotee. Kila mara herufi moja inapotaka kuandikwa, wimbi huzimwa kwa kitambo kifupi mno, herufi huchorwa, na wimbi hurejeshwa. Katika hali nyingi jicho halitambui. Lakini mwendo wa wimbi ukikubaliana na mwendo wa maandishi, nyufa ndogo huonekana katika mstari, na kwa ajili hiyo mpimaji aliachiwa nobu la kuyapunguza maandishi hadi yazimike kabisa. Chipu zote hizi za nyumbani zilipewa namba zinazoanzia na 155, wakati chipu zilizonunuliwa kwa wengine zilianzia na 156, na hadi leo fundi akisoma namba iliyo mgongoni hujua mara moja kama kipande kina ndugu duniani au hakina.

Oskiloskopu 7504 na 7704 zilitoka mwaka 1969, ya kwanza ikifikia megahezi 90 na ya pili megahezi 150. Waliozitumia walipata mara moja faida ambayo pengine ilizidi hata ile ya kupumzishwa na hesabu: picha ya Polaroid sasa ilitoka na ushahidi wake. Wimbi na vipimo vilikuwa katika karatasi moja, vimeandikwa na mwale mmoja katika saa ile ile, na mhandisi aliyeikuta picha hiyo jalidani baada ya miaka mitano hakuwa na haja ya kumtafuta aliyeipiga.

Busara ya kuipa kila moduli ulimi wake ilizidi kudhihirika miaka ilivyopita. Moduli 7D13 ilipokuja, ambayo ni kipima volti, mikondo, ukinzani na hata joto, haikuhitaji taa wala dirisha la tarakimu. Iliandika majibu yake juu ya kioo kwa lugha ile ile ya safu na nguzo, katika miili iliyotengenezwa kabla yake. Kadhalika vihesabu mawimbi, na vichanganua masafa. Mwaka 1972 ilikuja 7904 ya megahezi 500, na mwishoni mwa muongo huo 7104 ya gigahezi 1, zote zikiandika kwa khati ile ile ya mwaka 1969. Tena mwaka 1973 Tektronix walipotoa P7001, sehemu iliyoichukua ishara na kuipeleka katika kompyuta, haikuwalazimu watafute njia mpya ya kuiambia kompyuta swichi zimekaa wapi: maandishi yale yale yaliyokusudiwa macho ya mtu yalisomwa na mashine, na kompyuta ya PDP-11 ikajua volti ni ngapi kwa mraba.

Gilbert hakukaa kuyaona yote hayo akiwa ndani ya nyumba. Aliondoka mwaka 1970, akarudi Uingereza akafanya kazi katika kampuni ya Plessey, na mwaka 1972 alijiunga na kampuni ya Analog Devices, ambako alidumu kwa umri uliobaki. Hatimaye alirejea Oregon na kuanzisha huko Beaverton kituo cha ubunifu cha kampuni hiyo. Alifariki mwaka 2020.

Zama za chipu za herufi zilimalizwa na jambo lile lile ambalo mwanzoni lilikuwa ghali mno, yaani kompyuta ndogo. Mwaka 1984 Tektronix walitoa 2445 na 2465, oskiloskopu za kubebeka mkononi, ambazo ndani yake mna kichakataji cha Motorola 6802. Hizo pia ziliandika juu ya kioo, lakini herufi zake zilikuwa vitone vilivyopangwa, vilivyosomwa kutoka katika chipu ya kumbukumbu ya kawaida. Swichi haikusema tena. Kichakataji kiliijua swichi, kikaamua, kikaandika. Sina neno la kuwalaumu waliobadili njia, maana bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka na uwezo umezidi. Lakini herufi za vitone hazina ule mkato wa mwandiko wa 7000, ambao kila mstari wake umenyooka kutoka ncha hadi ncha, na yeyote aliyeketi mbele ya vyombo vyote viwili ataupambanua mmoja na mwingine kwa kutupa jicho tu.

Mfululizo wa 7000 uliendelea kuuzwa kwa takriban miaka ishirini, kisha ukaachwa. Mwaka 1994 karakana ya chipu ya Tektronix iliuzwa kwa Maxim, na mwaka 2007 Tektronix yenyewe ikanunuliwa na Danaher. Hapo ndipo desturi ya kujitengenezea ilipoonyesha upande wake wa pili. Chipu ya 156 ikifa, fundi huagiza nyingine, kwa kuwa viwanda kadhaa vilitengeneza za namna hiyo. Chipu ya 155 ikifa haina mbadala, maana mwenye kalibu alikuwa mmoja tu naye ameacha. Vitabu vya ukarabati vya Tektronix, ambavyo kwa uwazi na ukamilifu vinastahili sifa zote, vilichora kila rezista na kila transista ya mwili mkuu. Lakini walipofika kwenye chipu za nyumbani walichora kisanduku chenye miguu, wakaeleza kinachoingia na kinachotoka, basi.

Wanaozihifadhi leo ni mafundi waliotawanyika katika nchi nyingi, na wazee wa kampuni wenyewe, ambao baadhi yao wanajitolea katika jumba la makumbusho la vintageTEK huko Oregon. Wamejijengea elimu yao ya kutambua maradhi. Tarakimu zikitoweka na herufi nyingine zikabaki, shaka ni juu ya chipu ya tarakimu. Neno likiharibika kwa moduli moja tu, na zamani likawa sawa, hawaigusi chipu yoyote. Huitoa moduli, wakasafisha migusano ya swichi kwa spiriti, kwa sababu mguso uliochafuka hupunguza mkondo, na mkondo uliopungua husomwa kuwa ni herufi ya jirani. Maneno yote yakivurugika kwa pamoja, hurudi kwa vile vigeuzi viwili vya safu na nguzo. Kwa kuwa vigeuzi hivyo ni namba moja na aghalabu vimekaa katika soketi, fundi huvibadilishanisha mahali: kosa likihama kutoka safu kwenda nguzo, kigeuzi kibovu kimejulikana, lisipohama, ageukie chipu za kuchagua idhaa, nazo pia ni pacha, azibadilishanishe vivyo hivyo. Akishaijua iliyo mbovu, mwenzake hutafutwa katika oskiloskopu ambayo neli yake imekwisha au kioo chake kimevunjika, na ndiyo maana mafundi wa vyombo hivi hawatupi kamwe kadi inayobeba chipu za maandishi, hata kama chombo kilichotoka hakifai tena kwa lolote.